Namna ya Kujifunza Ukarabati kutoka Vipindi vya Televisheni

Kabla ya kuiga lolote, tambua kwanza aina ya kipindi unachokitazama, kwa maana vipindi vya ukarabati wa nyumba vina mikondo miwili. Mkondo wa kwanza ni wa mafunzo: nchini Uingereza, Barry Bucknell alikuwa akiwafundisha watazamaji wa BBC kazi za ufundi wa nyumbani tangu miaka ya 1950, na huko Marekani kipindi cha This Old House, kilichoanza mwaka 1979 mjini Boston, kiliifuatilia nyumba moja kwa wiki nyingi huku mafundi wakieleza sababu ya kila hatua. Mkondo wa pili ni wa burudani. Katika Changing Rooms, kilichoanza BBC mwaka 1996, majirani walibadilishana nyumba, kila upande ukapamba chumba cha mwenzake kwa siku mbili, na mwenye chumba hakuruhusiwa kukiona hadi mwisho.

Mshangao huo wa mwisho ndio unaotunasa wengi wetu, nami naupenda kwa dhati, lakini hauna somo. Somo limo katikati, tena mara nyingi katika sehemu iliyokatwa. Ukiona ukuta unapigwa plasta, kisha papo hapo unapakwa rangi, jiulize ni siku ngapi zimeachwa nje ya picha. Plasta mbichi huwa na mabaka meusimeusi, na haifai kupakwa rangi mpaka ukuta wote uwe na weupe wa namna moja. Ukiharakisha, unyevu uliofungiwa ndani utainua malengelenge na rangi itabambuka. Zege nalo hupimwa nguvu zake kamili baada ya siku 28, muda ambao hakuna mtangazaji awezaye kuusubiri mbele ya kamera.

Bajeti zinazotajwa zichukue kwa tahadhari, kwa kuwa huenda vifaa vimetolewa na wadhamini au ujira wa mafundi haukuhesabiwa.

Kitazame kipindi mara mbili. Mara ya pili zima sauti, uangalie mikono ya fundi: anavyoshika mwiko, anavyopima kabla ya kukata, anavyofunika sakafu. Anza kuiga kazi ndogo, kama kupaka rangi au kubadilisha vitasa. Kuvunja ukuta usikuige kabisa kabla mhandisi hajathibitisha kwamba haubebi uzito wa paa au ghorofa.