Namna ya kuhesabu ndege kwenye kinamasi kidogo cha ziwani

Hesabu ya siku moja haisemi mengi. Inapata maana ikirudiwa mwezi hadi mwezi, kutoka mahali palepale, kwa muda uleule. Kwa hiyo anza na vituo. Kipande cha mafunjo chenye ufukwe wa nusu kilomita, kama vile vilivyobaki pembezoni mwa Mwanza, kinatoshwa na vituo vitatu. Kila kituo kiwe kwenye jiwe au mti usiohama, nchi kavu. Maji ya ukingoni yana kichocho.

Waarifu mapema viongozi wa BMU, kikundi cha jamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo. Nendeni wawili: mmoja anaangalia na kutaja, mwingine anaandika kwa penseli, maana wino ukilowa unaenea. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha. Anzeni saa 12:30 asubuhi, mmalize kabla ya saa 3, upepo wa ziwani haujachafua maji. Ukikuta njia ya majani yaliyolala kuelekea majini, usiifuate kabla hakujapambazuka vizuri. Kiboko hurudi majini kwa njia hiyo.

Wengi hukosea kwenye yangeyange, kwa kuwa ndege weupe wote huandikwa jina moja. Angalia mdomo na miguu. Mwenye mdomo mfupi wa njano, anayefuata ng'ombe, ni wa malishoni. Mwenye mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano ni mvuvi wa maji mafupi. Mkubwa kuliko wote ana shingo ndefu yenye kona. Kwa mdiria mweusi na mweupe unaweza kutenganisha hata jinsia: dume ana mikanda miwili kifuani, jike mmoja, tena umekatika katikati.

Mnandi, ndege wapiga mbizi wanaovua samaki, wakijaa mwambani, hesabu 10 mmoja mmoja, ona wamechukua nafasi gani, kisha ipitishe nafasi hiyo juu ya kundi lote. Mgeni wa kazi hii hukisia pungufu. Wanaoruka kutoka kituo ulichokwisha kuhesabu usiwaandike tena.

Ndani ya mafunjo utasikia zaidi ya kuona. Tiva wa mafunjo, mwenye kifua chekundu na utosi wa njano, huitikiana wawili wawili; andika "sauti" mbele ya namba yake. Usiyapasue mafunjo kumtafuta. Kiota kikiachwa wazi hata dakika chache, kunguru hula mayai.

Kabla ya kuondoka kila kituo, andika upepo unatoka wapi na magugu maji yamefunika sehemu gani ya maji: robo, nusu, au yote. Upepo ukiyasukuma usiku kucha, asubuhi mnandi na mdiria hawana pa kuvulia na huhamia ng'ambo. Bila maelezo hayo, atakayesoma daftari atadhani wamekufa. Na aina uliyoitafuta ukaikosa, andika 0, usiache wazi.