Kiongozi wa Biashara Mtandaoni: Jinsi ya Kusikika kwa Sauti Yako Mwenyewe

Akaunti nyingi za wakurugenzi husomeka kama matangazo ya kampuni yaliyobandikwa picha ya mtu. Chanzo ni kwamba kitengo cha mawasiliano ndicho kinachoandika, bosi anaidhinisha tu. Geuza utaratibu huo: maneno yatoke kwako, wao wapunguze.

Hatua ya 1: Chagua mtandao mmoja. Ukiuzia kampuni nyingine, anza na LinkedIn. Ukiuzia watu binafsi, nenda waliko. Washa uthibitishaji wa hatua mbili (nywila pamoja na msimbo wa pili) kabla ya posti ya kwanza, maana akaunti ya bosi ikidukuliwa, wanaotapeliwa ni wateja.

Hatua ya 2: Safisha wasifu. LinkedIn inakupa herufi 220 chini ya jina lako. "Kiongozi mwenye maono" haimwambii mtu chochote. "Naongoza kampuni inayosafirisha dawa zinazohitaji baridi" inajitosheleza.

Hatua ya 3: Rekodi kwanza, maandishi baadaye. Kazi yenyewe iko hapa. Mara moja kwa wiki, jirekodi kwa simu dakika 10 ukijibu maswali haya: uamuzi gani umenisumbua? Mteja ameuliza nini nisichokitarajia? Nimebadili mawazo kuhusu nini?

Msaidizi anaandika ulichosema neno kwa neno, anakata marudio na siri za watu, wala haongezi sifa. Tuseme kwenye rekodi ulisema, "Mizigo ilichelewa kwa sababu tulipokea oda nyingi kuliko magari tuliyonayo." Usishangae ikirudi hivi: "Tunaendelea kuboresha huduma ili kukidhi matarajio ya wateja wetu." Irudishe ilivyokuwa. Sentensi ya kwanza ina sababu, na mteja aliyecheleweshewa mzigo anaijua kweli akiisoma. Ya pili ingeweza kuandikwa na kampuni yoyote.

Rekodi moja hutoa posti moja au mbili, na hizo zinatosha kwa wiki. Hoja ikae mwanzoni kabisa, kwa kuwa LinkedIn huonyesha mistari michache tu mpaka msomaji abonyeze. Kikomo ni herufi 3,000, lakini hulazimiki kukifikia.

Hatua ya 4: Jua kipi kipitie kwa mwanasheria. Mwaka 2018 Elon Musk, mkuu wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, aliandika Twitter kwamba fedha za kuiondoa Tesla kwenye soko la hisa zimeshapatikana. Mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ilimshtaki, na katika makubaliano yeye na kampuni wakalipa dola milioni 20 kila mmoja. Kwa hiyo takwimu za mauzo ambazo hazijatangazwa, mikataba isiyosainiwa, kesi na habari za wafanyakazi zikaguliwe kwanza na mwanasheria. Mengine usimpelekee. Ukimpelekea kila posti, lugha ya tangazo itarudi kupitia mlango wa nyuma.

Hatua ya 5: Jibu maoni mwenyewe. Posti inaweza kuhaririwa vizuri, ila majibu ya msaidizi hujulikana upesi: "Asante kwa maoni yako" mara ishirini mfululizo. Tenga dakika 15 siku ya posti na nyingine 15 kesho yake. Anza na wanaouliza, wanaosifu watasubiri. Futa matusi na utapeli, lakini lawama iache na uijibu. Ukiifuta, kuna mtu ameshapiga picha ya skrini.

Na kama unapanga posti zijitume zenyewe, hakikisha watu wawili wanajua kuzizuia. Likitokea janga kazini, zizuieni zote kabla hamjaandika chochote kingine.