Teraflopu 4 au 12? Namna ya kupima kama nguvu ya konsoli inakuhusu

Anza na runinga, konsoli baadaye. Xbox Series X na Series S zilitoka pamoja Novemba 2020; ya kwanza ina teraflopu 12 (yaani hesabu trilioni 12 za picha kwa sekunde), ya pili 4. Ukizitazama namba hizo tu, moja inaizidi mwenzake mara tatu. Lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo ya ziada huliwa na pikseli, vidoti vinavyounda picha: picha ya 4K ina pikseli milioni 8.3, ya 1080p ina milioni 2.1. Kama sebuleni una runinga ya 1080p, nyingi ya pikseli ulizolipia hazina pa kuonekana.

Kwenye PS5, ingia mipangilio, sehemu ya skrini na video, ufungue taarifa za picha inayotoka. Hapo utasoma ukubwa wa picha na idadi ya Hz, yaani mara ngapi kwa sekunde picha hubadilishwa, ambazo runinga yako inaweza kupokea. Zikiishia 60Hz, sahau habari za fremu (picha moja moja) 120 kwa sekunde, hata ununue mashine gani. Kisha chukua rimoti ya runinga uwashe hali ya gemu. Bila hiyo, runinga huchukua muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na kitufe unachobonyeza kinachelewa kuitika. Hii ni bure, na mkono unaihisi upesi kuliko teraflopu yoyote.

Sasa tuje kwenye muda, maana nguvu ya konsoli hupimwa vizuri kwa milisekunde. Gemu ya fremu 30 kwa sekunde ina milisekunde 33.3 za kuandaa kila fremu. Ya 60 ina 16.7. Fremu 40 hutumia milisekunde 25, katikati kabisa ya hizo mbili, ndiyo maana gemu kama Ratchet & Clank: Rift Apart zikaweka hali ya fremu 40. Ila inahitaji skrini ya 120Hz, ambako kila fremu huonyeshwa mara tatu. Kwenye 60Hz hesabu haigawanyiki, na picha itakwenda kwa kushtukashtuka.

Ndani ya milisekunde hizo kuna kazi mbili. Prosesa huhesabu mwendo, akili za wahusika na migongano. Chipu ya picha huchora. Teraflopu huisema hiyo ya pili tu. PS5 Pro ya Novemba 2024 ina teraflopu 16.7 dhidi ya 10.28 za PS5 ya kawaida, lakini prosesa ni ya familia ileile ya Zen 2 kutoka AMD. Kasi yake imepanda kutoka 3.5 hadi 3.85 GHz tu. Gemu iliyokwama kwenye fremu 30 kwa sababu mji wake umejaa watu wanaotembea haitafika 60 kwa kuhamia Pro. Itang'aa zaidi, basi.

Kama wewe ndiye unayetengeneza gemu, tambua kwanza unabanwa wapi. Simama kwenye eneo zito kuliko yote, lenye milipuko na maadui wengi, kisha punguza upana na urefu wa picha kwa nusu. Muda wa fremu ukishuka sana, mzigo uko kwenye chipu ya picha: punguza vivuli, mwanga na vitu vinavyopenyeza nuru. Usiposhuka, ni prosesa, na kupunguza pikseli ni kupoteza muda. Usiangalie wastani peke yake. Gemu inaweza kuonyesha wastani mzuri huku kila sekunde ikiwa na fremu moja ya milisekunde 50, na mchezaji ataihisi hiyo moja. Pima asilimia 1 ya fremu mbaya kuliko zote, na ubakize kama milisekunde 2 za akiba.

Pima kwenye mashine dhaifu uliyokubali kuihudumia, tangu mwezi wa kwanza. Kinachoumiza zaidi hapo ni kumbukumbu. Series X ina GB 16, Series S ina 10, na sehemu yake huchukuliwa na mfumo wenyewe. Tekscha moja (picha inayovikwa juu ya umbo) ya pikseli 4096 kwa 4096 isiyobanwa inakula MB 64. Ikibanwa kwa BC7, mbinu ya kubana tekscha, inashuka hadi 16. Ongeza theluthi moja kwa nakala zake ndogo za kuonekana kwa mbali. Tekscha 100 za namna hiyo zikiachwa bila kubanwa zinapita GB 8, na gemu inazima. Ukubwa wa picha unaweza kuupunguza wakati wowote. Kumbukumbu iliyojaa inakulazimisha kukata kitu. Watengenezaji wa gemu Larian walipambana na hili kwenye Baldur's Gate 3: ilifika Xbox Desemba 2023, na kwenye Series S ikakosa uchezaji wa watu wawili kwa skrini iliyogawanywa, hadi ulipoongezwa 2025.

Kwa mnunuzi wa Dar au Nairobi anayecheza mpira tu, pengo ni dogo zaidi. FC 25 inakwenda fremu 60 hata kwenye PS4. Kinachokosekana huko ni HyperMotion, teknolojia ya mwendo wa wachezaji, na jambo la kuangalia kabla ya kununua: mtandaoni, mwenye PS4 hawezi kukutana na rafiki wa PS5 kwenye mechi moja.

Baada ya hapo uliza kama mashine ina sehemu ya diski. Series S haina, na PS5 Pro unainunulia kando. Bila diski huwezi kununua gemu iliyotumika wala kuiuza ukimaliza, na kila kitu kinapita kwenye bando. Gemu ya GB 100 kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde hushuka kwa saa 22 hivi, umeme usipokatika. Hifadhi nayo itajaa mapema. Kwenye PS5 unaongeza SSD (hifadhi ya kasi) ya umbo la M.2 na muunganisho wa PCIe kizazi cha 4, yenye kasi ya kusoma ya MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. Nunua yenye bati la kupozea, na unene wake wote usizidi milimita 11.25, la sivyo haitaingia.