Kuhifadhi na kurejesha konfigi ya swichi ya Cisco bila kupoteza VLAN

Mwongozo huu ni kwa mafundi wanaohudumia hoteli, shule na ofisi za Arusha na Moshi. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu unaweza kuunguza pawa saplai ya swichi, na bila nakala ya konfigi (mipangilio) kazi yote inaanza upya, pamoja na VLAN, yaani mitandao midogo iliyotenganishwa ndani ya swichi. Amri ni za swichi za Catalyst zenye IOS (mfumo endeshi wa Cisco), kama 2960.

1. Hifadhi ndani ya swichi

`copy running-config startup-config`

running-config ni mipangilio inayotumika sasa; startup-config ni ile inayosomwa swichi ikiwaka.

2. Toa nakala nje

`copy startup-config scp://fundi@192.168.10.5/sw-mapokezi.cfg`
`copy flash:vlan.dat scp://fundi@192.168.10.5/sw-mapokezi-vlan.dat`

Hapo 192.168.10.5 ni kompyuta ya kuwekea nakala, na fundi ni jina la mtumiaji. Tumia SCP (kunakili faili kwa njia iliyosimbwa). TFTP, njia nyingine ya kunakili, haina nywila, kila kitu kinapita wazi, na faiwoli ya Windows huizuia kimyakimya ukabaki unalaumu kebo.

Amri ya pili isirukwe. VTP (itifaki inayosambaza orodha ya VLAN kati ya swichi) ikiwa katika hali ya server, ambayo ndiyo ya kiwandani, orodha ya VLAN haimo kwenye konfigi. Imo kwenye vlan.dat. Kwa mtandao mdogo ni bora kuweka `vtp mode transparent`, VLAN zionekane kwenye konfigi yenyewe.

Fungua faili uone kama mstari wa mwisho ni `end`. Usipokuwepo, nakala imekatika. Na tafadhali faili hilo lisirushwe kwenye kundi la WhatsApp: nywila za aina ya 7 (zilizofichwa kwa njia dhaifu) zilizomo hufumbuliwa papo hapo.

3. Kurejesha kwenye swichi nyingine

Hapa ndipo watu hukesha. Kwanza linganisha modeli. Kama ya zamani ilikuwa na FastEthernet0/1 na mpya ina GigabitEthernet1/0/1, badilisha majina hayo kwenye faili kabla ya kulipakia, la sivyo mipangilio ya poti hizo itakataliwa.

Swichi iliyowahi kutumika ichomoe kwenye mtandao kabisa. Ikiwa na jina lile lile la VTP na namba ya marekebisho iliyo juu, inaweza kufuta VLAN za swichi nyingine zote. Isafishe kwa konsoli (poti ya kebo ya usimamizi, kasi 9600):

`write erase`
`delete flash:vlan.dat`
`reload`

Ikiwaka, ipe `interface vlan 1` anwani ya muda na `no shutdown`, unganisha kompyuta moja kwa moja, kisha vuta mafaili:

`copy scp://fundi@192.168.10.5/sw-mapokezi.cfg startup-config`
`copy scp://fundi@192.168.10.5/sw-mapokezi-vlan.dat flash:vlan.dat`
`reload`

Lengo ni startup-config, si running-config. Ukinakili kwenye running-config, mistari huchanganywa na iliyopo badala ya kuifuta, na interface ya VLAN iliyozimwa hubaki imezimwa kwa sababu `no shutdown` haiandikwi kwenye faili.

Baada ya `reload` swichi ikiuliza kama uhifadhi mabadiliko, jibu `no`. Ukijibu `yes`, konfigi ya muda inalifuta faili ulilotoka kulipakia.

4. SSH na ukaguzi

SSH ni njia salama ya kuingia kwenye swichi ukiwa mbali, na hutegemea funguo za RSA. Funguo hizo hazimo kwenye nakala, kwa hiyo SSH itagoma hata kama nywila ni sahihi. Ukiwa bado kwenye konsoli, ndani ya `configure terminal`:

`crypto key generate rsa modulus 2048`

Hostname na `ip domain-name` lazima ziwepo kwanza. Rudi nje, tazama `show vlan brief` na `show interfaces trunk`, kisha hifadhi. Kebo ya konsoli ichomoe baada ya SSH kukubali kutoka kompyuta nyingine.