Kabla ya kumnunulia kitabu shabiki wa kikapu cha wanawake

Kama una ndugu au rafiki anayefuatilia WNBA, ligi ya mpira wa kikapu ya wanawake ya Marekani, na unataka kumzawadia kitabu, usikimbilie kile chenye picha ya nyota anayevuma sasa. Huyo anamjua kuliko wewe. Mtafutie kinachosimulia yale yasiyoonekana uwanjani.

Mimi ningeanza na Sum It Up cha kocha Pat Summitt, kilichotoka 2013. Aliifundisha timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Tennessee misimu 38, akashinda mechi 1,098 na ubingwa wa vyuo vya Marekani mara 8, na kitabu alikiandika wakati ugonjwa wa Alzheimer umeshaanza kumnyang'anya kumbukumbu. Hata asiyejali kikapu kitamshika. Catch a Star cha mchezaji Tamika Catchings kinamfaa sana binti anayechekwa shuleni: Tamika alizaliwa na tatizo la kusikia, utotoni akatupa vifaa vyake vya masikioni kwa kuchoka kutaniwa, na 2012 akabeba ubingwa wa WNBA na timu yake, Indiana Fever. Coming Home cha mchezaji wa WNBA Brittney Griner ni kizuri ila kizito, maana kinahusu kufungwa kwake Urusi mwaka 2022. Hicho mpe mtu mzima.

Kwa kijana apendaye historia kuna Inaugural Ballers cha Andrew Maraniss, kuhusu timu ya Marekani iliyotwaa medali ya fedha Montreal 1976, mara ya kwanza wanawake kucheza kikapu kwenye Olimpiki.

Chungulia rafu yake kwanza, au muulize dada yake kimyakimya. Na risiti itunze, huenda anacho tayari.