Kutembea Nairobi Bila Gari: Namna ya Kupanga Matembezi ya Msituni na Kando ya Mto kwa Matatu

Anayefika Msitu wa Karura kwa gari lake mwenyewe ana sharti moja asiloweza kulikwepa: mwishowe lazima arudi pale alipoliegesha. Anayefika kwa matatu hana sharti hilo. Anaweza kuingia kwa geti moja na kutokea jingine, akapanda gari la njia tofauti kabisa kurejea mjini, na kwa hiyo matembezi yake yakavuka msitu kutoka upande hadi upande badala ya kuzunguka na kurudi alikoanzia. Watu wengi wasio na gari huichukulia hali hiyo kuwa kasoro ya kuvumiliwa, ilhali katika shughuli hii ni faida, na mpango wote wa siku unafaa kujengwa juu yake.

Kwa sababu hiyo, anza kupanga kutoka mwisho. Kabla ya kuamua utaingilia wapi, amua utatokea barabara gani, na uhakikishe kwamba ni barabara yenye matatu za kutosha alasiri. Fikiria pia umati unaelekea wapi. Siku za kazi asubuhi wakazi wa Ruaka na Kiambu humiminika mjini, nawe unatoka mjini. Jioni wanarudi makwao, nawe unaingia. Ukienda kinyume cha umati namna hiyo, mara nyingi utapata kiti bila kusukumana, ingawa msongamano wa magari barabarani unaweza kukuchelewesha vilevile. Jumamosi na Jumapili hesabu hiyo hubadilika, maana msituni kwenyewe ndiko kunakojaa watu, hasa upande wa Barabara ya Limuru.

Karura ndio mfano bora wa matembezi ya namna hii. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, na ambao sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wajenzi wa kibinafsi hadi mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipoupigania; mnamo Januari 1999 walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti. Ili kufika huko, panda gari linaloelekea Ruaka, Ndenderu au Banana kwa Barabara ya Limuru. Vituo vya matatu katikati ya jiji huhamishwa mara kwa mara, kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya mwaka jana. Uliza siku ileile. Mwambie makanga mapema kwamba utashuka kwenye geti la Karura, kwa kuwa gari likishika kasi baada ya Muthaiga halisimami kwa urahisi. Ukiona Village Market, jengo kubwa la maduka, umepitiliza.

Getini kuna ramani. Ipige picha kwa simu, kwani makutano ya njia za msituni yana namba, na mtu mwenye ramani hiyo anajua wakati wote alipo kwa kusoma kibao kilicho mbele yake. Elekea kwanza kwenye maporomoko ya maji ya Mto Karura na mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kama maficho. Sehemu hii isikimbiliwe. Njia inafuata mto chini ya vivuli vya miti na mianzi, ngazi za kuteremkia maporomoko huteleza baada ya mvua, na mwenye subira huenda akawaona mbega, nyani weusi wenye manyoya marefu meupe ubavuni ambao walirejeshwa Karura kutoka kwingine baada ya kutoweka hapo. Kima ni wengi zaidi na hawana haya. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa.

Baada ya mapango, usirudi ulikotoka. Fuata namba za makutano kuelekea mashariki hadi geti la Barabara ya Kiambu, ambalo wenyeji wengi hulijua kwa jina la Sharks. Kwa mwendo wa kawaida, pamoja na mapumziko, tenga takriban saa tatu kwa safari yote. Ukitoka getini utakuwa kwenye njia ya matatu namba 100, zinazotoka Kiambu kuingia mjini. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Hivyo anayetaka utulivu wa moyo awe ametoka msituni kufikia saa kumi na moja.

Asiye na nguvu ya kuvuka Karura nzima anaweza kushuka mapema kwenye njia hiyohiyo ya Limuru, katika City Park, Parklands. Hapa matembezi ni mafupi, lakini bustani ina historia ambayo wapitaji wengi hawaijui: ndimo alimozikwa Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa kwa risasi mwaka 1965, na ndimo yalimo makaburi ya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, na mkewe Sheila. Nenda mchana, mkiwa wawili au zaidi, na mshike njia kuu.

Kwa matembezi ya kando ya mto katikati ya jiji, huhitaji hata nauli ya ziada. Michuki Park iko kwenye kingo za Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka vituo vingi vya matatu. Ilifanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2020, ikapandwa miti na kutengenezewa njia za kutembea mahali palipokuwa pamejaa taka. Jina lake lina kichekesho kidogo kwa msafiri wa matatu: John Michuki, aliyeanzisha usafishaji wa mto huu akiwa Waziri wa Mazingira, ndiye yuleyule ambaye akiwa Waziri wa Uchukuzi alizilazimisha matatu kuwa na mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano kuanzia mwaka 2004. Tembea humo, lakini usitie mkono majini. Mto huu hutokea kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu ukiwa na hali nzuri kuliko unavyofika hapa. Usiufuate ukingo nje ya bustani, hasa kuelekea mashariki, kwa sababu njia hukatika na usalama hupungua. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mto hufurika ghafla. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu jijini. Kukiwa kumenyesha usiku kucha, kingo za mto ziachwe kwa siku hiyo.

Arboretum, bustani ya miti iliyo karibu na Ikulu, ndiyo ningemshauri mwenye watoto au wazee aanze nayo. Ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni iliyokuwa ikitafutwa kwa ajili ya kuni za gari moshi, ina ukubwa wa hekta 30 hivi, na sehemu kubwa ya miti yake ina vibao vya majina. Kutoka katikati ya jiji unaweza kwenda kwa miguu kupitia Barabara ya State House, nusu saa au zaidi kidogo kulingana na mahali unapoanzia. Upande wa chini hupita Mto Kirichwa Kubwa.

Mzigo wako uwe mdogo. Maji yabebwe kwenye chupa ya chuma au ya kutumika tena, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na maeneo mengine ya hifadhi nchini Kenya, na chupa ya dukani inaweza kukuzuia getini. Chukua kitambulisho, kwani kiingilio cha raia si sawa na cha mgeni. Malipo hufanywa kwa simu, kwa hiyo simu iwe na chaji na salio. Hata hivyo weka noti ndogo mfukoni kwa ajili ya nauli. Viatu viwe vya kushika ardhi, kwa maana udongo mwekundu wa Karura ukilowa hunata na kuteleza kwa wakati mmoja. Mwezi Julai beba sweta, kwani jiji liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na baridi ya kivulini si ya mzaha.

Jambo la mwisho ni nauli. Matatu nyingi hupandisha bei mvua inapoanza na wakati watu wanapotoka kazini, wakati mwingine hadi maradufu. Uliza bei kabla ya kupanda, si baada ya kuketi, na uwe umetenga fedha za bei ya juu. Wingu likitanda ukiwa bado katikati ya msitu, fupisha njia kwa geti lililo karibu zaidi kwenye ramani yako, hata kama si lile ulilokusudia.