Ujumbe wa tiba ukiingia kwenye grupu: kagua haya kabla ya kuufuata

Mvua zikianza Mtwara na Lindi, magrupu ya familia na ya vikoba hujaa tiba za kuharisha na homa. Nyingi zina ukweli ndani yake. Kinachoharibika njiani ni kipimo.

Tazama kwanza alama iliyo juu ya ujumbe wa WhatsApp. Mishale miwili maana yake umeshasambazwa mfululizo mara 5 au zaidi tangu kwa aliyeuandika. Aliyekutumia, hata akiwa nesi wa zahanati yenu, huenda hamjui mwandishi. Muulize kaupata wapi. Sauti ya mtu anayejiita "daktari wa Ligula", hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, bila kutaja jina wala tarehe haina uzito wowote.

Kisha soma kipimo, neno kwa neno. Maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha ni lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha. Ujumbe ukisema "kijiko" tu, kuna atakayechota cha kulia wali, na chumvi ikizidi mtoto anaweza kupata degedege. Pakiti ya ORS, unga wa dawa wa kurudisha maji mwilini, ni salama zaidi, ila nayo hukosewa: ile ya lita 1 imimine yote kwenye chombo kimoja chenye maji ya chupa mbili za nusu lita, si ya ile chupa ya lita moja na nusu. Yakipita saa 24, mwaga.

Kwa malaria, kataa ujumbe unaokuambia uache dawa ya mseto homa ikishuka. ALu, yaani dawa ya mseto ya artemether na lumefantrine, humezwa mara 6 kwa siku 3, dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza. Ukikatisha, vimelea hubaki. Na kipimo cha damu kitangulie. Kataa pia ujumbe wa kupaka mafuta ya maganda ya korosho kwenye fangasi: yanaunguza ngozi hadi malengelenge.

Ukibaki na shaka, piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya ya Tanzania. Taja umri wa mgonjwa, uzito kama unaujua, na dawa alizokwisha kumeza. Mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa au anayeharisha damu apelekwe kituoni mara moja, usingoje majibu ya simu.

Ukishajua kosa liko wapi, jibu juu ya ujumbe uleule ili sahihisho lionekane pamoja nao, halafu mwombe admini aufute kwa wote.